Karatasi Ziseme Neno Moja: Viza ya Mwenzi kwa Msomaji wa Migori na Homa Bay

Mwenzako yuko Birmingham au Minneapolis, nawe uko Rongo, Oyugis, Kehancha au Mbita. Ayie, ile bahasha ya mahari anayopewa mama wa msichana, imeshapelekwa, wazazi wameonana, na kila jirani anajua wewe ni wa nani. Lakini afisa atakayeamua kuhusu viza yako hakuwako siku hiyo. Hakumwona mama akipokea ayie wala hakuonja kuku aliyechinjwa. Alicho nacho ni faili, na faili hiyo ataisoma kwa muda mfupi, pengine bila kukuona uso.

Ndoa ya kweli kabisa inaweza kukataliwa kwa sababu karatasi zake zinapingana. Cheti kimoja kinasema Atieno, kingine Adhiambo. Fomu ya pasipoti inasema hujaolewa, fomu ya viza inasema umeolewa miaka minne. Kwako hayo ni mambo madogo yenye maelezo marefu. Kwa mtu asiyekujua, yanaonekana kama habari za watu wawili tofauti.

Afisa anatafuta nini

Uwe unaomba Uingereza, Marekani, Ujerumani au Australia, maswali ya msingi ni yale yale:

1. Wewe ndiye unayesema kuwa ndiye?
2. Ndoa yenu inatambulika kisheria, na ndoa za awali, kama zilikuwepo, zilikwisha kihalali?
3. Uhusiano ni wa kweli, au ni njia tu ya kuingia nchini?
4. Mwenzako ana kipato cha kukutunza?

Afya, rekodi ya polisi na lugha huja juu ya hayo. Kila karatasi unayoweka kwenye faili iwe inajibu mojawapo ya maswali haya. Isiyojibu lolote iache nyumbani.

Hatua ya 1: Linganisha majina kabla ya kulipa hata shilingi

Hapa ndipo watu wa kwetu huumia zaidi, na si kosa la mtu. Mtoto wa Kijaluo aliyezaliwa asubuhi ni Akinyi au Okinyi, wa usiku ni Atieno au Otieno. Akibatizwa anaongezewa jina. Shuleni mwalimu anaongeza la baba. Akiolewa anachukua la mume. Kuria nako kuna Ghati anayeandikwa Gati, na Boke mwenye jina la kanisani ambalo mamake halijui. Mtu mmoja, majina matano, na kila ofisi imechukua yale iliyoyapenda.

Fanya hivi:

1. Tandika mezani kitambulisho, pasipoti, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kadi ya ubatizo na cheti cha ndoa.
2. Chora jedwali: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, majina ya wazazi. Nakili kila karatasi inavyosema, herufi kwa herufi.
3. Tia alama nyekundu kila tofauti, hata iwe ya herufi moja.
4. Tofauti ya tahajia au mpangilio tu, apa hati ya kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Wakili aliye kamishna wa viapo anaweza kukuapisha, au nenda mahakamani: ziko Homa Bay, Oyugis, Ndhiwa, Mbita, Migori, Rongo na Kehancha.
5. Ikiwa jina lenyewe ni jingine kabisa, au tarehe zimepishana miaka, kiapo pekee ni plasta juu ya mfupa uliovunjika. Rekebisha hati yenyewe. Kubadilisha jina kisheria huhitaji hati maalumu ya kubadilisha jina, inayosajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Fuata utaratibu: cheti cha kuzaliwa kwanza, kitambulisho pili, pasipoti tatu. Anayeanza na pasipoti kwa haraka hulipa mara mbili, na pasipoti ya kurasa 34 si bei ya mandazi: ni shilingi 7,550. Maombi yake hufanywa kwenye eCitizen. Huhitaji kufika Nyayo House kwa alama za vidole, maana kuna ofisi za pasipoti Kisumu na Kisii.

Ulizaliwa nyumbani, mkononi mwa mkunga, na cheti huna? Baada ya miezi 6 tangu kuzaliwa, usajili huhesabiwa kuwa wa kuchelewa, na ofisi ya usajili wa raia itataka ushahidi zaidi: vitambulisho vya wazazi, kadi ya kliniki au ya ubatizo, cheti cha shule, barua ya chifu. Anza na hili mapema kuliko lingine lolote.

Hatua ya 2: Ndoa iwe na cheti

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina 5: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Zote ni ndoa sawasawa, na zote husajiliwa. Kwa hiyo anayekwambia ndoa ya kimila haifai ubalozini hajui sheria. Ile isiyosajiliwa ndiyo yenye taabu.

*Kama mlioana kimila.* Sheria inawataka mumjulishe Msajili wa Ndoa ndani ya miezi 3 baada ya sherehe kukamilika. Mtatoa tamko la maandishi likitaja mila iliyofuatwa, na mashahidi wawili watu wazima walioshika nafasi muhimu katika sherehe watie sahihi au alama zao. Chagua mashahidi walio hai, wenye vitambulisho, na walio tayari kusafiri. Yule jagam wenu aliyeunganisha familia mbili anafaa sana. Nyote wawili mtahitajika mbele ya Msajili, kwa hiyo mwenzako akija likizo, siku hiyo iwekwe kabla ya safari ya kwenda kuwasalimu mashangazi. Usajili wa ndoa za kimila ulianza Agosti 2017. Kama miezi imeshapita, nendeni hivyo hivyo mkaeleze.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: ng'ombe wote hawahitaji kuwa wamefika. Kifungu cha 43 kinasema kwamba pale mila inapodai mahari, kiasi kidogo cha kuonyesha nia kinatosha kuthibitisha ndoa. Wazee wa Suna au Karachuonyo wanaweza kuwa na maoni yao kuhusu hilo, nami sitagombana nao, lakini Msajili anafuata sheria.

*Kama mnapanga kuoana.* Ndoa ya kiserikali huhitaji notisi ya siku 21. Mwenzako akiwa raia wa nje, aje na cheti cha nchi yake kinachothibitisha kwamba hana kipingamizi cha kuoa au kuolewa. Likizo ya wiki mbili haitoshi kwa notisi hiyo, kwa hiyo panga mapema au ulizia leseni maalumu.

*Kama mlifunga ndoa kanisani.* Hakikisha mchungaji au padri ana leseni ya serikali ya kufungisha ndoa, na kwamba mliyopewa ni cheti cha ndoa cha serikali. Karatasi nzuri yenye maua na picha ya njiwa, iliyotolewa siku ya kubariki ndoa, si cheti cha ndoa.

Mambo mawili yanayochanganya watu. Kwanza, hati ya kiapo cha ndoa iliyoandikwa na wakili, hata ikiwa na muhuri mkubwa, haichukui nafasi ya cheti, na barua ya chifu ni hivyo hivyo. Ni ushahidi wa kuongezea tu. Pili, ndoa za kimila na za Kiislamu huhesabiwa kisheria kuwa zinaweza kuwa za wake wengi. Hilo halikuzuii, mradi mpo wawili tu. Mkitaka kuondoa wasiwasi, kifungu cha 8 kinawaruhusu kuibadilisha iwe ya mke mmoja kwa tamko la hiari la nyote wawili. Lakini mume akiwa na mke mwingine, usitarajie nchi hizi kukupa viza kama mke wa pili.

| ULIWAHI KUOLEWA AU KUOA? |
|---|
| Mjane: leta cheti cha kifo cha marehemu. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo, na familia nyingi vijijini huishia kwenye kibali. Mila inaweza kukuhesabu bado mke wa nyumba ile. Ubalozi unataka cheti. |
| Mliachana: leta amri ya mwisho ya talaka kutoka mahakamani. Kurudisha ng'ombe mbele ya wazee hakutoshi. |
| Mliishi "njoo tuishi" na mkaachana bila sherehe: hakuna cha kuvunja, ila ukiulizwa kuhusu uhusiano huo au watoto wake, sema ukweli. |

Mtego wa viza ya mchumba

Marekani ina viza ya K-1 kwa mchumba wa raia wake. Masharti yake: mwe mmeonana ana kwa ana katika miaka 2 kabla ya kuwasilisha ombi, mwe huru kuoana, na mfunge ndoa ndani ya siku 90 baada ya kuingia. Sasa fikiria umeomba K-1, halafu kwenye faili umeweka kwa fahari picha za siku ya ayie: mashati ya kufanana, wazee wamekaa kwenye hema, mama anapokea bahasha. Afisa atauliza, hawa si tayari wameoana? Akiona kuwa mmeoana kimila, ombi la mchumba limekwisha, na mtaanza upya kwa njia ya mume na mke.

Amueni mapema mko upande gani. Kama sherehe ilikuwa ya kutambulishana tu, barua za familia zote mbili zieleze hivyo waziwazi. Kama ilikuwa ndoa, isajilini na muombe kama wanandoa. Msisimame katikati.

Hatua ya 3: Ushahidi wa uhusiano

Lengo ni kuonyesha uhusiano wenye mwanzo, katikati na sasa. Faili yenye vielelezo 60 vilivyopangwa kwa tarehe inashinda gunia la karatasi 600.

*Fedha.* Chapisha taarifa ya M-Pesa ya miezi mingi, si picha za skrini. Huombwa kupitia *334# au programu ya Safaricom. Pigia mstari pesa zilizotoka kwa mwenzako, na yeye alete risiti za upande wake. Ila angalia: pesa ziliingia kwenye laini ya nani? Wengi hutumiwa kupitia simu ya dada au kaka kwa sababu laini yao ilikuwa na shida. Kwa macho ya afisa, mwenzako amekuwa akimtunza dadako. Anza leo kupokea kwa jina lako mwenyewe, jina lile lile la kitambulisho, na kwa zile za zamani dada aandike maelezo mafupi.

*Ziara.* Mihuri ya pasipoti, tiketi za ndege hadi Kisumu, risiti za hoteli, tiketi ya feri ya Luanda Kotieno hadi Mbita kama hamkuitupa. Ziara moja ya miezi 2 ni nzuri. Ziara tatu katika miaka 2 ni bora.

*Picha.* Kumi na tano hadi ishirini zinatosha. Ziwe za siku, nguo na watu tofauti, na kila moja ielezwe tarehe, mahali na nani ni nani. Picha arobaini mlizopiga alasiri moja ufukweni zinahesabika kama picha moja. Ya thamani kubwa ni ile mliyopiga na wazazi na majirani uani, hata kama mwanga ni mbaya na kuku amepita mbele.

*Mazungumzo.* Chagua kurasa chache kwa kila miezi mitatu, pamoja na orodha za simu. Kama mnaandikiana kwa Dholuo au Kiswahili, afisa hasomi hata neno. Kwa Uingereza, kila hati isiyo ya Kiingereza huambatana na tafsiri yenye jina na sahihi ya mtafsiri, tarehe, na tamko lake kwamba ni sahihi. Kwa hiyo chagua machache ya kutafsiri. Mabishano ya kawaida kuhusu karo au bei ya mabati yana uzito zaidi kuliko mistari mia ya mapenzi. Wanandoa halisi huzungumza mabati.

*Watu wanaowajua.* Barua mbili tatu kutoka kwa wazazi, mchungaji au rafiki, kila moja ikieleza alichokiona yeye mwenyewe. Barua tano zenye maneno yale yale, zilizochapwa saiba moja, zinawaharibia.

*Maelezo yenu wenyewe.* Kila mmoja aandike ukurasa mmoja au miwili: mlikutana lini na wapi, nani alianza kuongea, familia zilijua lini, mtaishi wapi. Andikeni kila mtu kivyake, kisha mlinganishe tarehe tu. Palipo na jambo la ajabu, kama pengo la umri wa miaka 20 au kuonana mara moja pekee, litajeni nyinyi kwanza na mlieleze.

Hatua ya 4: Masharti ya nchi

*Uingereza.* Wote wawili muwe na miaka 18 au zaidi. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, kipato kinachotakiwa cha mwenzako ni pauni 29,000 kwa mwaka. Awali kilikuwa 18,600. Mwajiriwa wa kawaida huonyesha hati za mshahara za miezi 6 na taarifa za benki zinazolingana nazo. Asiye na kipato hicho anaweza kutumia akiba. Bila kipato chochote inahitajika pauni 88,500, ikiwa imekaa benki miezi 6. Anayepokea baadhi ya posho, kama ile ya kumtunza mgonjwa, hupimwa kwa kipimo kingine.

Hamjafunga ndoa? Mnaweza kuomba kama wenzi ikiwa uhusiano unaofanana na ndoa umedumu angalau miaka 2. Tangu Januari 2024 si lazima mwe mmeishi nyumba moja muda wote huo, lakini ushahidi lazima uwe mzito.

Mkenya hana msamaha wa mtihani wa Kiingereza, hata kama alipata A katika KCSE. Fanya mtihani ulioidhinishwa wa kiwango cha A1 au zaidi, au tumia shahada ya chuo kikuu iliyofundishwa kwa Kiingereza ikiwa imethibitishwa na Ecctis, shirika la huko la kuhakiki shahada za nje. Utapimwa pia kifua kikuu, na cheti cha kipimo hicho hudumu miezi 6. Pamoja na ada ya viza kuna tozo ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka. Kwa viza ya miezi 33 inafika 3,105. Watu hupanga ada na kusahau tozo, ambayo ndiyo kubwa.

*Marekani.* Mwenzako huanza kwa fomu I-130. Ikikubaliwa, faili huenda kituo cha taifa cha viza, unajaza fomu DS-260, kisha uchunguzi wa afya na mahojiano Nairobi. Mdhamini hutia sahihi fomu I-864 akionyesha kipato cha angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha huko. Kikipungua, mdhamini wa pamoja anaruhusiwa. Ukiingia kabla ndoa haijafikisha miaka 2, kadi yako ni ya miaka 2 yenye masharti, na ombi la kuyaondoa hupelekwa ndani ya siku 90 kabla haijaisha.

*Ujerumani.* Kijerumani cha A1, ambacho Goethe-Institut ya Nairobi hufundisha na kutahini. Hati za Kenya huweza kuhakikiwa mashinani, kwa gharama ya mwombaji. Mtu anaweza kufika kijijini akaulizia. Waambie wa nyumbani waseme wanachokijua, wasibuni chochote kwa nia njema.

*Australia.* Viza 309 ni ya muda, 100 ni ya kudumu, na huombwa kwa pamoja. Maafisa huangalia mambo manne: fedha, maisha ya nyumbani, jamii inavyowatambua, na uthabiti wa ahadi yenu. Panga faili yako kwa vichwa hivyo hivyo.

Ada hubadilika. Siku ya kulipa, soma kiasi kwenye tovuti rasmi ya serikali husika, si kwenye kikundi cha WhatsApp.

Hatua ya 5: Safari ya Nairobi

Cheti cha tabia njema cha DCI huombwa kwenye eCitizen kwa shilingi 1,050, na alama za vidole zinaweza kuchukuliwa Huduma Centre ya Homa Bay au Migori. Hicho kimalize hapa hapa. Kipimo cha afya, vidole vya viza na mahojiano vitakupeleka Nairobi, kwa hiyo jaribu kuviweka katika safari moja au mbili. Usipande basi la usiku la kufika alfajiri ya siku ya mahojiano. Barabara ya Narok ina mambo yake, na afisa hatakusubiri. Fika siku moja kabla, ulale, uoge.

Siku hiyo beba:

☐ pasipoti ya sasa na za zamani
☐ barua ya miadi na risiti za malipo
☐ vyeti halisi na nakala za kila kimoja
☐ hati za kiapo na tafsiri
☐ taarifa za fedha za mwenzako
☐ vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kibali cha mzazi mwingine ikiwa mtoto anasafiri
☐ nakala ya fomu uliyojaza, uliyoisoma tena jana usiku

Ukiulizwa usichokikumbuka, sema hukumbuki. Kubahatisha tarehe kumewaponza wengi kuliko kusahau.

Makosa ya kukwepa

Kumwachia dalali ajaze fomu usiyoisoma. Sahihi ni yako, na uongo wake ni wako. Uingereza inaweza kumfungia mlango kwa miaka 10 aliyetumia udanganyifu; kwa Marekani kizuizi kinaweza kuwa cha maisha. Washauri wa uhamiaji wa Uingereza walioko huko husajiliwa na mamlaka inayoitwa Immigration Advice Authority, jina jipya tangu Januari 2025, na orodha yao iko wazi kwa mtu yeyote. Anayedai ana mtu wake ndani ya ubalozi anauza upepo.

Kuficha mtoto. Ukimwacha nje ya fomu leo, kesho kumwombea viza kutakuwa kazi ngumu, na mwenyewe utaonekana mwongo.

Kuuza shamba au ng'ombe kabla viza haijatoka. Hakuna ubalozi unaokutaka ufanye hivyo.

Ukikataliwa

Soma barua ya kukataliwa mara tatu kabla ya kumpigia mtu yeyote. Inataja sababu. Kwa ombi la familia la Uingereza, aliye nje ya nchi hiyo kwa kawaida ana siku 28 za kukata rufaa tangu apokee uamuzi, na siku hizo hazingoji wakili wako arudi kutoka likizo. Kama kilichokosekana ni hati moja tu, kuomba upya kwa faili iliyorekebishwa mara nyingine ni haraka kuliko rufaa. Kama afisa hakuamini ndoa yenyewe, tafuta mwanasheria aliyesajiliwa. Na barua hiyo usiitupe, kwa sababu kila fomu utakayojaza tangu siku hiyo, ya nchi yoyote, itakuuliza kama uliwahi kunyimwa viza, na jibu ni ndiyo.